Daftari la kaunta: shajara ya darasa la simu, Kaptembwo

Jumamosi, 8 Machi 2025

Tumeanza leo, na sikuanza vizuri.

Kwanza niseme mimi ni nani katika mambo haya, kwa sababu siku moja mtu atauliza. Nina saiba hapa Kaptembwo, upande wa magharibi wa Nakuru: kompyuta nne, printa moja inayokohoa, na benchi la wateja. Huu ni mwaka wa tisa nikiishi kwa kuwafanyia watu mambo ambayo wangeweza kuyafanya wenyewe. Cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato, barua ya kuomba kazi, picha za paspoti. Chini ya kaunta kuna daftari kubwa la jalada gumu. Humo mna majina, namba za simu, anwani za baruapepe na nywila za nusu ya mtaa huu. Watu hawazisahau nywila zao, kwa kuwa hawakuwahi kuzijua. Wanarudi, nafungua daftari, naingia, wanalipa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alikuja mwalimu wa ngumbaru anayefundisha kwenye ukumbi wa kanisa. Alitaka nimtumie ripoti yake ya mwezi. Akasimama nyuma ya kiti changu mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Kijana wangu, mimi nafundisha watu wazima kusoma ili wasisomewe barua zao na majirani. Na tazama, mimi mwenyewe nakuja kusomewa zangu hapa kwako."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo lilipozaliwa darasa hili, la kuwafundisha walimu wa ngumbaru na wanafunzi wao kujifanyia mambo yao kwa simu.

Tuna tableti kumi kuukuu tulizopewa, na chaja saba. Ukumbi ni wa kanisa, bure, tufagie tu. Walimu ni wanne: wawili wameajiriwa na serikali, wawili ni wa muda na wanapata posho ndogo. Wanafunzi walioandikishwa ni 23. Wengi ni kina mama wa sokoni, wapo pia wazee wawili wa mikokoteni na mlinzi mmoja wa usiku. Darasa ni Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi, soko la asubuhi likishatulia na jiko la jioni halijawashwa.

Leo nilikuwa na walimu peke yao. Nilileta projekta. Nikaeleza kwa saa nzima tofauti ya intaneti na kivinjari, na kumbukumbu ya ndani ni nini. Waliandika kila neno, walimu hawa wana hati nzuri sana. Mwishoni mmoja akainua mkono: "Sasa mwalimu, nikitaka kumtumia mwanangu picha?" Saa nzima ilikuwa imekwenda na hilo sikuwa nimeligusa.

Jumamosi, 15 Machi

Projekta nimeiacha nyumbani.

Nilimpa kila mwalimu tableti, nikamwomba afungue kamera, apige picha ya mwenzake. Mwalimu mkubwa, yule wa ripoti, akaisukuma yake pembeni. "Leo nimesahau miwani."

Kimya. Halafu akaanza kucheka hadi akashika meza. Akatueleza kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha, hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia "sijui kusoma." Wote husema wamesahau miwani. Chifu akiwapa karatasi, wamesahau miwani. Hospitali, wamesahau miwani. "Na leo mimi," akasema, "na miwani iko hapa kwenye mkoba!" Akaitoa.

Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kwanza ya mradi, na ile ya wiki iliyopita niifute. Nilikuwa nimekuja nikijua wanafunzi wataogopa. Kumbe wenye hofu kubwa ni walimu, kwa sababu wao wana cha kupoteza. Mama wa viazi akikosea mbele ya watu, amekosea tu. Mwalimu akikosea, kesho ataingia darasani vipi?

Jumanne, 18 Machi

Wanafunzi 17 wamefika. Tableti kumi, kwa hivyo wawili wawili.

Kuna jambo ambalo sikulijua baada ya miaka tisa ya kompyuta: vidole vya watu wa kazi haviandiki kwenye kioo. Mama mmoja anauza viazi karibu na steji, vidole vyake vimekauka na kukwaruzika kwa udongo. Anagusa, kioo hakisikii. Anabonyeza zaidi, anashikilia kama mtu anayepiga muhuri. Sasa kioo kinasikia kupita kiasi: aikoni inajinyanyua, linatokea neno la kuondoa. Akarudisha mkono kama aliyeungua. "Nimeiharibu?"

Nikaanza kumweleza kuhusu mguso mfupi na mguso mrefu. Hakuna aliyenielewa. Mwalimu mmoja wa muda, ambaye wiki jana hakuwa amewahi kushika tableti, akanisogeza kwa upole. "Mama, pasi ya makaa unaipimaje kama imepata moto?" Mama akalamba ncha ya kidole na kukigusisha mezani, tap! "Basi hivyo hivyo. Pima pasi." Akagusa. Ikafunguka. Na ile ncha yenye unyevu nayo ilisaidia, kwa maana kioo hiki kina umeme mdogo unaobadilika kidole kikikigusa, na ngozi kavu haiupitishi vizuri.

Toka leo darasa lina msamiati wake. Kugusa ni kupima pasi. Kushikilia ni kupiga muhuri. Kutelezesha ni kufuta unga mezani, baada ya chapati. Kitambaa chenye maji kidogo kimewekwa mlangoni, kila mtu anapangusa vidole akiingia.

Alhamisi, 3 Aprili

Tatizo la tableti: hakuna anayekwenda nayo nyumbani. Nimehesabu simu za darasa. Tisa ni simujanja, tena baadhi zimepasuka kioo. Zilizobaki ni kabambe na mulika mwizi. Tumekubaliana Jumanne iwe ya tableti na Alhamisi iwe ya simu aliyonayo mtu mfukoni, hata kama ni ya vibonyezo.

Na Alhamisi ya kwanza tu imenionyesha kitu. Tulianza na menyu zile za kupiga nyota na reli, kama *334# ya M-Pesa au *147# ya kujiandikisha SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Mzee mmoja wa mkokoteni anasoma vizuri kwa sasa, ila polepole, kidole chini ya mstari. Menyu ikatokea. Akaanza: mstari wa kwanza, wa pili, alipofika wa tatu maandishi yakatoweka. Menyu hizi hukatika ukikaa bila kujibu. Akapiga tena. Yakatoweka tena. Akaniambia bila hasira, "Ndiyo maana namba yangu ya siri iko kwa mjukuu. Simu hii haina subira na mimi."

Mjukuu ana miaka kumi na mitatu.

Nilitafuta dawa kwenye mipangilio ya simu, sikuipata. Walimu wakaipata, na hapa ndipo waliponipita kabisa. Walinakili menyu nzima kwenye karatasi ya manila kwa maandishi makubwa, ukurasa baada ya ukurasa, wakaibandika ukutani. Darasa likaisoma pamoja kwa sauti, kwanza kwa silabi, kisha kwa neno, hadi ikakaa kichwani kama shairi. Ndipo wakapiga simu. Mzee hakusoma tena, alitambua. Akafika mwisho na sekunde za kubaki.

Nilipendekeza pia wabadilishe lugha ya menyu ya M-Pesa iwe Kiswahili. Wengi walikubali. Mama wa viazi akakataa katakata. Hajui Kiingereza, lakini maneno "Send Money" anayajua kwa sura, kama mtu anavyoijua nyumba ya rafiki yake. Ukiyageuza, umemhamishia rafiki. Nimemwacha.

Mwalimu mkubwa alinikumbusha jambo jioni tukifunga mlango. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka huo huo ndipo ilipotoka ripoti ya utafiti wa kitaifa wa kisomo, na ikaonyesha kwamba ni asilimia 61.5 tu ya watu wazima wa Kenya waliojua kusoma na kuandika. Pesa iliingia ndani ya maandishi wakati zaidi ya theluthi moja ya watu wazima wako nje ya maandishi. Tangu hapo, akasema, kila nyumba imekuwa na mtoto mmoja ambaye ndiye benki.

Jumanne, 22 Aprili

Kosa langu, wala sina wa kumsukumia. Siku za Pasaka nilikaa na tableti zote kumi nikasasisha programu, ili "ziwe tayari." Leo wamefungua: aikoni zimehama, nyingine zimebadilika rangi. Kwa mtu anayesoma ni usumbufu wa dakika moja. Kwa mtu aliyeshika kwamba picha ziko kwenye duara la rangi fulani, safu ya chini, pembeni, ni kama kurudi kutoka shambani ukute mlango wa nyumba umehamishwa. Mlinzi wa usiku aliweka tableti chini akaenda zake. Somo lote lilikuwa kurudisha aikoni mahali pake, moja moja.

Sitasasisha tena bila darasa kuwepo. Na tutafanya hivyo pamoja, kwa sababu simu zao nazo zitabadilika siku moja na mimi sitakuwepo.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Watu wanne. Tope la njia ya kanisa linameza gambuti. Stima ilipotea saa nane na nusu. Tumekunywa chai.

Jumamosi, 24 Mei

Kikao cha walimu, kirefu na chenye kelele.

Jambo la kwanza ni sauti. Wenye simujanja wamegundua ujumbe wa sauti wa WhatsApp na sasa hawaandiki tena. Kundi la darasa limejaa sauti: salamu, bei ya nyanya, mtoto akilia nyuma, jogoo. Walimu wawili wanataka tupige marufuku. "Tunawafundisha kuandika miaka yote hii, na wewe umewaletea njia ya mkato!" Hoja nzito. Upande wangu nikasema kwamba mama aliyekuwa hamtumii mwanawe chochote sasa anamtumia kila siku, na kwamba mwenye kujua kutuma ndiye atakayetaka kuandika. Tulisuluhishwa na mwalimu mdogo kuliko wote: mwalimu atatuma swali kwa sauti, mwanafunzi atajibu kwa sentensi moja iliyoandikwa. Mambo mengine wazungumze wapendavyo.

Jambo la pili lilituchukua nusu saa na ni la neno. Ile namba inayotumwa kwenye simu unapoingia kwenye akaunti, wengi huiita kodi. Lakini kodi tayari ni ile ya nyumba na ile ya KRA. Mwanafunzi aliambiwa "ingiza kodi uliyotumiwa," akajibu kwamba yeye hajatumiwa kodi yoyote, na mwenye nyumba amelipwa. Mmoja alitaka "msimbo," lakini darasani hakuna aliyewahi kulisikia. Tumeafikiana "namba ya mara moja," kwa kuwa hutumika mara moja ikafa. Jina limebeba somo: iliyokufa haina kazi, na iliyo hai usimpe mtu.

Ushindi mdogo: mwalimu mkubwa ametuma ripoti ya Aprili mwenyewe. Alipiga picha rejista mara nne, tatu za kwanza kidole gumba kikiwa kimefunika safu ya majina. Akanipigia saa tano usiku kuuliza kama imekwenda. Nikamwambia atazame kwenye zilizotumwa. Kimya, kisha: "Iko. Iko hapa na saa yake imeandikwa." Saiba yangu imepoteza shilingi hamsini za kila mwezi.

Alhamisi, 19 Juni

Somo la matapeli. Nilijua litavuta watu, na wamefika 21.

Nilitumia laini yangu kumtumia kila mmoja ujumbe wa uongo: umepokea shilingi kadhaa, salio lako jipya ni hili. Kisha mwalimu akapiga simu akijifanya mtu anayelia, "Mama, nimekosea namba, hiyo ni karo ya mtoto, nirudishie tafadhali." Watano walikuwa tayari kurudisha. Mmoja alikuwa ameshaanza kubonyeza.

Tukakaa na ujumbe wenyewe, herufi kwa herufi. Umetoka wapi? Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, huu umekuja na namba ya mtu inayoanza na sufuri saba. Salio je? Usiliamini lililoandikwa, nenda kwenye menyu yako ukaulize mwenyewe. Na kama kweli mtu amekosea, hakuhitaji wewe umtumie: yeye ndiye husambaza ujumbe wake wa muamala kwenda 456 kuomba urejeshwe. Anayekuharakisha hataki usome.

Wakati wa kumalizia, mama mmoja ambaye huwa haongei akasimama. Mwaka jana alirudisha shilingi 3,500 za namna hiyo. Zilikuwa za chama cha akiba, zamu yake ya kuziweka. Hakumwambia mtu. Alizilipa kidogo kidogo kwa kufulia watu nguo, na wenzake wakadhani ana biashara mpya. Hakuna aliyemcheka. Mzee wa mkokoteni alisema tu, "Pole, mama. Mimi walikula elfu moja."

Jumatatu, 30 Juni

Jumatano iliyopita hatukufungua kwa ajili ya maandamano.

Leo ni siku ya mwisho ya ritani. Foleni ya saiba ilifika kwa fundi viatu. Kila mwaka siku hii hunilipia kodi ya chumba ya miezi miwili, maana watu wanaogopa faini ya shilingi 2,000, na wengi wao hawana hata mapato ya kutangaza. Katika foleni nikawaona wanafunzi wangu sita.

Nikamwita mmoja pembeni, "Lakini mama, hii si tulifanya darasani?" Akasema alijaribu nyumbani. Ile namba ya mara moja haikuja.

Nikajua kwa nini, na tumbo likanikata. Nilipowafungulia watu akaunti miaka ile, kama mtu simu yake imezima au hajaibeba, niliandika namba yangu. Ilikuwa haraka, foleni ilikuwa ndefu, ni vile tu. Namba yake ya mara moja ilikuwa imekuja. Ilikuwa kwenye simu yangu, mfukoni, katikati ya nyingine nyingi nilizozizoea hata sizitazami.

Usiku nimefungua daftari na orodha ya darasa. Kati ya wanafunzi 23, akaunti za 11 zina namba yangu. Za walimu, mbili.

Jumanne, 22 Julai

Nilichukua wiki tatu kabla ya kuwaambia. Niliwaeleza walimu kwanza. Mwalimu mkubwa alisikiliza, akauliza kama najua kwamba kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Najua. Nimewachapia watu fomu zake.

Darasani nililiweka daftari mezani. Nilitarajia hasira, wakalishangaa kama albamu ya picha. Wanatafuta majina yao, wanacheka nywila nilizowapa. Nilikuwa na mazoea: jina la kwanza, halafu 123, halafu alama ya mshangao. Wote. Mtaa mzima unalindwa na alama ya mshangao.

Sasa kazi ni hii: mmoja mmoja, kubadilisha namba ya simu kwenye akaunti, kisha nywila. Ni kazi ya kuchosha. Lazima simu zote mbili ziwepo, yangu na yake, na mtandao usilale. Leo tumemaliza watu wawili. Walimu wameongoza, mimi nimekaa pembeni nikisoma namba zinazoingia kwangu kwa mara ya mwisho. Kuhusu nywila, walimu wamekuja na ya kwao: sentensi ya siri ambayo mtu anaijua toka utotoni, methali, jina la ng'ombe aliyemkamua mama yake, pamoja na mwaka usio wa kuzaliwa. Mama mmoja alitaka kunitajia yake nimsaidie tahajia. Mwalimu akamziba mdomo kwa kiganja. "Ikosee tahajia! Mradi uikosee hivyo hivyo kila siku."

Na nimeacha kuandika nywila za wateja wapya wa saiba. Wawili wamehamia saiba ya ng'ambo ya barabara.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo ni Siku ya Kimataifa ya Kisomo, na kaulimbiu ya mwaka huu ni kukuza kisomo katika enzi ya kidijitali. Hatukuwa na hotuba. Tulikutana japo si siku ya darasa, kwa sababu wa mwisho kati ya wale 11 alikuwa anamaliza, naye ni mama wa viazi.

Alipangusa vidole kwenye kitambaa. Alipima pasi mara moja, mbili, akaingia kwenye mipangilio bila kuuliza. Namba ya mara moja ikalia kwenye simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka. Aliisoma kwa sauti ya chini, akakumbuka, akanyamaza, akaimalizia moyoni. Kisha akaomba kalamu.

Nilitaka kumkatia mstari mimi. Akakataa. Alilivuta daftari, akatafuta jina lake kwa kidole, akalichora mara nne, tano, kwa nguvu za mtu anayenyanyua gunia, hadi karatasi ikachanika na kuondoka na mstari wa chini yake. Mstari huo ulikuwa wa kijana mmoja wa bodaboda ambaye hajawahi kuja darasani.

Nimempigia jioni nikamweleza kwamba nywila yake imechanika, aje Alhamisi saa nane tumfundishe kuweka yake mwenyewe.

"Saa nane niko kazini, buda," akasema. "We niandikie ingine tu hapo, nitapita."